Mwanga Hausukumi, Karatasi Hupepea: Kutoka Mguu wa Kamukunji Hadi Meza ya Leza

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, ingawa mbele ya safari mtaona programu inarudi yenyewe bila kuitwa. Nataka tuzungumzie jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni dogo mno kuandikiwa historia: namna ya kushika kitu chembamba kisisogee wakati unakikata. Karatasi, bati, ngozi, kitambaa, plaiwudi ya milimita 3. Hasa unapokikata kwa leza.

Wauzaji wa mashine za leza wana wimbo mmoja. Mashine hii haigusi kitu, ni mwanga tu, kwa hiyo weka karatasi yako mezani, bonyeza kitufe, uende ukanywe chai. Na fizikia inawaunga mkono, tena sana. Kweli mwanga una msukumo wake, na Mrusi Pyotr Lebedev aliupima maabarani mwanzoni kabisa mwa karne ya 20. Lakini ukipiga hesabu ya leza ya wati 60 (gawanya nguvu kwa kasi ya mwanga, basi), unapata msukumo ulio mdogo kuliko uzito wa punje moja ya chumvi ya mezani. Hata inzi angecheka.

Sasa nendeni katika karakana yoyote ya Eastlands yenye leza, kisha tazameni juu ya meza. Mtakuta sumaku, vipande vya masking tepu, misumari iliyopindwa, mawe, spana kuukuu, na pengine kikombe cha chai kimekaa kwenye kona ya plaiwudi. Kama mwanga hausukumi, hivi vyote vinafanya nini pale? Jibu lake ni refu kidogo, na mimi nalianzia mbali na leza. Nalianzia Kamukunji.

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na pamoja na reli zikaja karakana, na pamoja na karakana wakaja mafundi kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Neno lenyewe "fundi" lilikuwepo Pwani zamani sana, lakini ufundi wa bati na chuma kwa namna tunayoijua Nairobi ulipitia sana mikononi mwa Wahindi wale na Waafrika waliofanya kazi kando yao. Kenneth King, mtafiti aliyekaa na mafundi hawa kwa miaka, aliufuatilia mkondo huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1977, akarudi tena kuwaandikia mafundi wa jua kali kitabu kingine mwaka 1996. Kati ya vitabu hivyo viwili mengi yalitokea. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya, ya mwaka 1972, ilikuwa tayari imewafanya wakubwa waone kwamba watu hawa si wazururaji bali ni wafanyakazi. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji wakigonga bati juani, akaahidi kuwajengea mabanda. Mwaka 1992 serikali ikachapisha waraka mzima wa Bunge kuhusu biashara ndogo na jua kali. Jina la mzaha likawa jina la sera.

Lakini turudi kwenye bati lenyewe. Kamukunji hutengeneza masanduku ya wanafunzi wa shule za bweni, majiko, sufuria, toroli, vikaango vya chipsi. Karibu kila kitu huanza kama bati bapa, au kama pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa. Na bati jembamba lina tabia moja mbaya: ukilikata upande mmoja, upande wa pili unainuka. Ukiligonga katikati, kingo zinatapatapa. Fundi analishikaje?

Kwa mguu. Simameni pale dakika kumi mtaona. Kiatu kimoja kiko juu ya bati, goti limekunjwa, mkono wa kushoto umeshika tindo, wa kulia nyundo. Chini kuna kipande cha taruma la reli, ndicho fuawe. Jiriwa zipo, lakini jiriwa hubana kitu kinene na kifupi. Bati la futi nane kwa nne halibaniki kwenye jiriwa, linabanika kwa mwili. Uzito wa mtu mzima ukikaa juu ya eneo la soli moja, bati haliendi popote. Na tena mguu una akili: unahisi bati likitetemeka, unasogea wenyewe. Hakuna meza ya leza niliyowahi kuiona yenye uwezo huo.

Ganda la jiko la Kenya, lile lenye udongo ndani lililosambaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilifuliwa namna hiyo, na mafundi wa Shauri Moyo walikuwa kati ya wa kwanza kulitengeneza kwa wingi. Kiuno chake chembamba katikati ni bati lililokatwa kwa mchoro bapa kisha likakunjwa. Mchoro ukikosea milimita chache, midomo miwili haikutani. Watu wanaosema kazi ya jua kali haina vipimo hawajawahi kujaribu kukata ganda la jiko.

Haya. Sasa tuvuke bahari.

Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, Theodore Maiman wa maabara za Hughes aliwasha leza ya kwanza duniani, kwa fimbo ya rubi. Wakati ule mzaha uliokuwa ukizunguka ni kwamba kifaa hiki ni jibu linalotafuta swali. Miaka minne baadaye, 1964, kijana mmoja aliyezaliwa Baramati nchini India, Kumar Patel, akiwa Bell Labs, akatengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Hiyo ndiyo nyanya wa karibu kila leza ya kukatia karatasi na mbao mnayoiona Nairobi leo, yenye bomba la kioo na mwanga usioonekana wa maikromita 10.6. Mwaka 1965 kampuni ya Western Electric ilikuwa ikitumia leza kutoboa matundu kwenye almasi za kuvutia nyaya. Angalieni: almasi. Kitu kidogo, kigumu, kizito kwa ukubwa wake. Hakihitaji kushikwa sana.

Kukata bati lilikuwa jambo jingine. Leza ya wakati ule ilikuwa dhaifu mno, chuma kilipata joto na kuishia hapo. Mwezi Mei 1967, katika taasisi ya uchomeleaji ya Uingereza iliyo karibu na Cambridge, Peter Houldcroft na wenzake wakafanya jambo ambalo mchomeleaji yeyote wa Kariobangi angelielewa mara moja: wakapuliza oksijeni pale pale mwanga unapotua. Chuma kikaungua chenyewe, upepo ukaondoa uji wa chuma, na bati la chuma la milimita 1 likakatika kwa leza ya wati 300 tu. Ni wazo lile lile la mtungi wa gesi wa kukatia, isipokuwa moto wa kuanzishia ni mwanga.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Leza ikawa mkataji wa kweli siku ile ile ilipopewa upepo. Mwanga hausukumi, lakini upepo husukuma! Mashine za leo, hata zile ndogo za mezani kutoka China, zina pampu ya hewa inayopuliza kwenye mdomo wa lenzi. Hewa hiyo inazuia miali isiwake na inakinga lenzi dhidi ya moshi, kwa hiyo huwezi kuizima. Na hewa hiyo hiyo ndiyo inayoinua karatasi ya gramu 5.

Upepo si adui pekee. Joto nalo hukunja. Plaiwudi yetu ya milimita 3, hasa iliyokaa ghalani msimu wa mvua, hufika ikiwa imejipinda kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Leza ina fokasi, yaani mahali mwanga unapokuwa mwembamba kuliko kote. Kwa lenzi ya kawaida ya inchi 2, tundu la mwanga lina upana wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na hali hiyo hudumu kwa milimita moja na nusu hivi juu na chini. Kona ya ubao ikiinuka milimita 4, pale hukati tena, unachoma tu. Ngozi ni mbaya zaidi: ikikauka kwa joto hujikunja kuelekea juu, na mafundi wa Kariokor, ambao soko lao lina jina la wapagazi wa jeshi la vita vya kwanza, wanajua tabia hiyo tangu kabla leza haijazaliwa. Kwao ngozi hukatwa ikiwa na unyevu kidogo na imetandazwa vizuri.

Na adui wa tatu ni kipande chenyewe. Kikishakatwa pande zote, kinakuwa huru. Kinaweza kuanguka chini salama, au kikabetuka, ncha moja ikasimama juu kama mkono wa mwanafunzi anayetaka kujibu swali. Mdomo wa mashine ukirudi, unakigonga.

Niliona hili kwa macho yangu katika karakana moja ya Light Industries, Kariobangi. Kijana alikuwa akikata kadi za harusi kwenye karatasi za manila, maua madogo madogo yenye matundu. Karatasi moja, kadi sita. Kwenye kadi ya pili, ua moja likasimama. Mdomo ukaligonga, karatasi yote ikasogea kama milimita 2, na mashine, ambayo haina macho, ikaendelea kukata kadi nne zilizobaki mahali pasipo pake. Hiyo si ajabu. Ajabu ni kwamba lile ua lililokunjamana likabaki chini ya mwanga uliokuwa ukipita polepole, likawaka. Moto wa kimo cha kidole. Kijana aliuzima kwa kitambaa chenye maji kilichokuwa karibu, maana hakuwa ameenda kunywa chai. Harusi ilikuwa Jumamosi, na manila ya rangi ile ilikuwa imekwisha dukani. Faida yote ya kazi ile iliishia kwenye nauli za kuitafuta mjini.

Basi walimwengu wengine walitatuaje? Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote, na tutakitumia muda kidogo.

Joseph Gerber alizaliwa Vienna mwaka 1924, Myahudi, akawakimbia Wanazi akafika Marekani mwaka 1940. Akiwa mwanafunzi wa uhandisi alivumbua rula inayovutika, na inasimuliwa kwamba modeli ya kwanza aliitengeneza kwa mpira alioutoa kwenye pajama yake. (Wazazi wa wavumbuzi, fungieni nguo zenu.) Mwaka 1969 kampuni yake ilitoa mashine iliyoitwa GERBERcutter S-70, ya kukata nguo kwa kisu kinachoongozwa na kompyuta. Kila mtu alifikiri ugumu uko kwenye kompyuta na kisu. Kumbe ugumu ulikuwa kitambaa. Rundo la kitambaa ni laini, linateleza, tabaka la juu linakwenda kushoto wakati la chini limebaki.

Gerber alifanya mambo mawili. Meza yake hakuifanya ubao, aliifanya brashi: maelfu ya nywele ngumu zimesimama wima, kisu kinaweza kushuka kati yao bila kuharibu kitu. Halafu juu ya rundo la kitambaa akatandaza karatasi ya plastiki, na chini ya brashi akaweka pampu inayofyonza hewa. Hewa ikitoka, uzito wa anga lote la juu unakaa juu ya plastiki ile, na rundo laini linakuwa gumu kama ubao. Ni mguu wa Kamukunji, isipokuwa mguu ni hewa, na soli yake ina ukubwa wa meza nzima.

Wakati huo huo, kampuni ya Hughes, ile ile ya Maiman, ikaja na mashine ya leza ya kukata kitambaa cha suti kwa ajili ya kampuni ya Genesco, mwaka 1971. Leza! Kasi! Haina kisu cha kunoa! Lakini leza haikuweza kukata rundo. Ukirundika vitambaa vyenye nyuzi za plastiki ukavipitisha kwenye leza, kingo zinayeyuka na kushikana, unabaki na kitabu kisichofunguka. Kwa hiyo leza ilikata tabaka moja moja, wakati kisu cha Gerber kilikata makumi kwa mpigo mmoja. Kisu kikashinda viwandani, na S-70 leo imo katika makumbusho ya Smithsonian. Nguo nyingi za viwandani zilizotoka nje ya Marekani na Ulaya baada ya hapo zilikatwa kwenye meza za namna ile, na sitashangaa kama nusu ya koti zinazoning'inia Gikomba zimewahi kulala juu ya brashi na kufyonzwa.

Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba hawakushindana kwa makali. Walishindana kwa kushika. Wanahistoria wa teknolojia huandika kurasa nyingi juu ya leza na mstari mmoja juu ya meza, na mimi naona wamepindua.

Kulikuwa na njia nyingine pia. Baadhi ya mashine za kuchorea grafu za Hewlett-Packard zilishika karatasi kwa umeme tuli, ule ule unaofanya kitana kivute vipande vya karatasi. Bonyeza swichi, karatasi inanata mezani. Ni njia safi sana kwa kalamu. Kwa leza haikufaa: meza ya namna hiyo lazima iwe bapa na imara, na leza inayopita karatasi itaichoma meza.

Hiyo ndiyo sababu meza ya leza ni sega. Sega la alumini halikubuniwa kwa ajili yetu. Lilikuzwa na watu wa ndege, na kampuni iliyokuja kuitwa Hexcel, iliyoanzishwa California miaka ya 1940, ndiyo ilijulikana sana kwalo. Walitaka kitu chepesi na kigumu. Watu wa leza wakaona faida nyingine: sega lina kuta nyembamba mno, kwa hiyo mwanga ukipita karatasi unaangukia hewani, haurudi juu kuchafua kazi. Na matundu yake yanaruhusu kufyonza kutoka chini. Hivyo moshi na karatasi vyote vinavutwa upande mmoja, kwa feni moja.

Nairobi, leza za namna hii ziliingia masikioni mwa vijana wa teknolojia hasa kupitia Fab Lab. Neil Gershenfeld wa MIT alianza kufundisha somo la kutengeneza karibu kila kitu mwaka 1998, na kutoka hapo ikazaliwa mitandao ya karakana zenye mashine zinazofanana, leza ikiwa mojawapo ya zile za lazima. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata Fab Lab yake, ikiongozwa na Dkt. Kamau Gachigi, ambaye baadaye aliasisi Gearbox. Mimi nilisomea kompyuta, si uhandisi, na kama wengi wa rika langu nilijua SVG ni nini kabla sijajua plaiwudi inauzwa wapi. Karakana hizo ziliwakutanisha watu wa faili na watu wa bati, jambo ambalo mihadhara haikuwahi kulifanya.

Lakini karakana ya chuo ina stima ya uhakika na feni kubwa. Kayole, Dandora na Kariobangi ni hadithi nyingine, na hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini wale mnaofikiria kununua mashine.

Kwanza, urefu wetu kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Mombasa, hewa hukandamiza kwa kama kilopaskali 101. Hapa kwetu ni kama 83. Meza ya ombwe haivuti kitu, kumbukeni, ni hewa ya juu inayosukuma. Kwa hiyo hata ukiwa na pampu kamilifu, Nairobi unapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu ya kushika. Na ukitumia feni badala ya pampu hukwepi, kwa sababu feni husukuma hewa, na hewa yetu ni nyepesi kwa kiasi hicho hicho. Jedwali lililokuja ndani ya sanduku la feni lilipimwa karibu na usawa wa bahari. Punguza asilimia 18 kabla hujaamini.

Habari njema ni kwamba karatasi haihitaji nyingi. Feni inayoleta tofauti ya paskali 500 tu, kitu kidogo sana, inakandamiza karatasi ya A4 kwa uzito wa kilo 3 hivi. Karatasi yenyewe ina gramu 5. Tatizo liko kwenye matundu yaliyo wazi. Sega la sentimita 60 kwa 40 likiwa na karatasi moja ya A4 katikati, hewa inapita pembeni inapotaka, na tofauti ya presha inashuka karibu na sifuri. Dawa yake ni magazeti ya jana. Funika sega lote lililobaki, acha dirisha la kazi tu. Watu hununua feni kubwa zaidi kabla ya kujaribu gazeti, na hilo huniumiza roho. Hakikisheni tu gazeti halikai chini ya njia ya mwanga.

Pili, stima. Meza ya ombwe hushika mradi feni inazunguka. Stima ikipotea katikati ya kazi, karatasi inaachiliwa, na stima ikirudi mashine nyingi rahisi hazikumbuki zilikuwa wapi. Sumaku haijui kama kuna stima. Ndiyo maana, tofauti na video nyingi za intaneti zinazosifia ombwe, kwa mitaa yetu mimi nasema anzeni na sumaku. Zile nzuri, za neodimiamu, zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani na Marekani, na ziko bure ndani ya kila hadi diski iliyokufa. Vunja diski, utapata mbili zenye nguvu ya kukubana kidole hadi ulie. Jambo moja: sumaku hainati kwenye alumini. Kabla ya kununua sega, nenda dukani na sumaku mfukoni, uliguse. La chuma linashika, la alumini litakutazama tu. Na zisikae karibu na njia ya mwanga, maana joto likizidi nyuzi 80 hivi huanza kudhoofika, na zilivyo na kimo, mdomo wa mashine ukizigonga utajuta.

Masking tepu nayo ina historia ya kwetu kwa mlango wa nyuma. Richard Drew wa kampuni ya 3M aliitengeneza mwaka 1925 kwa ajili ya wapaka rangi magari waliokuwa wakiharibu rangi kila wakibandua gundi. Na ni kwa wapaka rangi wa matatu ndiko mafundi wengi wa hapa walikoijua. Kwenye leza hufanya kazi mbili, hushika kingo na kuzuia moshi usipake ubao madoa ya kahawia.

Mkiwa kwenye matatu, tazameni pia stika. Tangu sheria za Michuki za mwaka 2004 na mstari wake wa njano, halafu graffiti ziliporuhusiwa tena mwishoni mwa 2014, mji huu umekata stika zisizohesabika. Hizo hukatwa kwa kisu kidogo cha mashine ya kuchora, na namna inavyoshikwa ni ya werevu kuliko zote: stika imeshashikwa na karatasi yake ya nyuma. Kisu hukata tabaka la juu, hakigusi la chini. Kushika kumo ndani ya bidhaa. Lakini tafadhali, TAFADHALI, usichukue stika hiyo ukaiweka kwenye leza kwa sababu imeshajishika yenyewe. Nyingi ni PVC. Ikichomwa hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, na ikikutana na unyevu, hata wa mapafu yako, inakuwa asidi. Inakula mashine na inamkula mwenye mashine. Katika chumba kimoja cha kukodi chenye dirisha moja, hilo si jambo la kujaribu hata mara moja.

Sasa programu inarudi, niliwaahidi. Njia bora ya kushika kitu chembamba ni kutokikata chote. Unaacha madaraja madogo, nusu milimita hivi kwa karatasi, mahali ambapo mstari unakatika kisha unaendelea. Kipande hakiwi huru, hakibetuki, hakiwaki. Baadaye unakibandua kwa mkono. Waingereza walianza kutoboa mistari kwenye stempu za posta kwa namna hii rasmi mwaka 1854, baada ya majaribio ya Henry Archer. Na mafundi wa Kamukunji hufanya vivyo hivyo: tindo halifiki mwisho kabisa, anaacha kidogo kwenye kona, kisha anapinda bati huku na huku mpaka linakatika lenyewe.

Kwenye faili kuna mambo mawili ya kuzingatia. Mpangilio wa mikato: matundu ya ndani kwanza, mpaka wa nje mwisho, kwa sababu ukianza na mpaka, matundu yatakatwa kwenye kipande ambacho kimeshalegea. Kwa programu ni swali la umbo gani limo ndani ya lipi, na unaweza kuliandika kwa mistari thelathini ya Python. Halafu umbali: usikate kadi zote za upande mmoja kwa mfuatano, rukaruka, joto lisirundikane. Zile kadi za harusi zingepona kwa madaraja manne kwa kila ua. Gharama yake ni sekunde chache na ukucha wa kidole gumba.

Wale wenye feni mnaotaka kujua mko wapi, msinunue kipimo. Chukueni bomba la plastiki linaloonyesha, mlipinde kama herufi U, mtie maji yenye rangi kidogo hadi nusu. Ncha moja iingie chini ya sega, nyingine ibaki hewani. Washeni feni, mkiwa mmefunika meza kwa magazeti. Maji yatapanda upande mmoja. Kila sentimita 1 ya tofauti ni kama paskali 98. Zikifika 5, karatasi ya manila haiendi popote. Zikiwa chini ya 1, angalieni kwanza magazeti, halafu bomba la kutolea moshi, ambalo mara nyingi limejaa masizi tangu siku mashine iliponunuliwa.